Kabla CD Haijanyamaza

Mwaka 2001 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Sayansi Asilia mjini Madrid, Javier García-Guinea na Víctor Cárdenes, walichunguza kwa hadubini ya elektroni CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na mvua nyingi huko Amerika ya Kati. CD hiyo ilikuwa imegoma kuimba, na sehemu zake zilikuwa zimegeuka angavu kiasi cha mtu kuona upande wa pili. Hapakuwa na mkwaruzo wa kueleza jambo hilo. Kilichoonekana ni nyuzi za kuvu ya jenasi ya Geotrichum. Ilikuwa imeingia kupitia ukingo wa nje, ikapenya kati ya tabaka, ikala plastiki na alumini, na muziki ukaenda navyo.

Kisa cha Belize ni cha nadra. CD nyingi haziishii tumboni mwa kuvu. Hata hivyo kinavunja imani iliyouzwa pamoja na CD tangu siku ya kwanza. Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani zilipoiingiza sokoni, Japani mwezi Oktoba 1982 na Ulaya na Marekani mwaka uliofuata, wanunuzi waliambiwa kwamba hii ni sauti isiyo na dosari na itadumu milele. Santuri ilichakazwa na sindano, kanda ilivutika au ikamezwa na redio, lakini CD haiguswi na chochote ila mwanga. Maneno hayo yalikuwa na ukweli nusu. Mwanga wa kuisomea hauili CD. Vinavyoila ni joto, unyevu, jua, vidole, kalamu, gundi na makosa ya kiwandani.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki jambo hili ni zito. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka simu za kisasa zilipoenea, sehemu kubwa ya muziki wa eneo hili ilipita kwenye CD: taarab, dansi, benga, kwaya, kaswida, Bongo Fleva. Baadhi yake ina wenyewe wa kuitunza. Kampuni ya Buda Musique ya Paris ilianza mwaka 2005 kutoa mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, unaokusanya taarab na muziki wa dansi wa miongo iliyopita. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 kazi yenye kitabu, CD na DVD kuhusu historia ya benga. CD za namna hiyo zikiharibika kwa mtu mmoja, nyingine zipo. Lakini kwaya ya mtaani iliyorekodi kwenye studio ndogo, ikachoma nakala chache na kuziuza nje ya kanisa baada ya ibada, haina nakala Paris. Kadhalika kaswida za madrasa, na bendi ya harusi iliyovunjika zamani. Muziki huo umebaki kwenye masanduku chini ya vitanda, na huko ndiko unakooza.

Kujua CD inaumwa wapi kunahitaji kwanza kuujua mwili wake. Ina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Muziki haumo kwenye uso wa chini unaong'aa, ule ambao watu huulinda kwa makini. Umo juu kabisa, chini ya maandishi. Huko plastiki imepigwa chapa ya vishimo vidogo mno, vikafunikwa kwa utando wa alumini ambao unene wake hauzidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Juu ya alumini ipo vanishi, nyembamba nayo, kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Juu ya vanishi kuna wino wa jina la msanii, basi.

Vishimo hivyo vimejipanga katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, mizunguko zaidi ya 20,000, na mstari huo ukinyooshwa unazidi kilomita 5. Leza huusoma kutoka chini, kupitia plastiki. Inapogusa uso wa chini, doa lake la mwanga lina upana wa karibu milimita 0.8, linapofika kwenye vishimo limebanwa likawa chini ya mikromita 2, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hivyo vumbi na mikwaruzo myepesi ya chini hupitwa bila madhara makubwa, kwa kuwa iko mbali na pale mwanga unapokusanyika.

Mkwaruzo wa juu hauna msamaha. CD ikiburuzwa mezani upande wa maandishi, au ikiandikwa kwa kalamu ya ncha ngumu, vanishi huchanika na alumini hutoka nayo. Hapo hakuna cha kusafisha wala kung'arisha, maana kilichokuwa kinasomwa hakipo tena. Kupima ni rahisi: CD huinuliwa mbele ya balbu na kutazamwa kama mwanga unapenya. Kitobo kimoja au viwili huweza kuwa vya kiwandani na havidhuru. Vikiwa vingi, au vikiongezeka mwaka hadi mwaka, CD hiyo inakufa.

Jambo la ajabu ni kwamba hata CD mpya, iliyofunguliwa dukani sasa hivi, ina makosa. Kanuni ambazo Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980 zinaruhusu hadi vipande 220 vyenye makosa kwa sekunde, kati ya vipande 7,350 vinavyosomwa katika sekunde hiyo. Hakuna anayeyasikia. Sababu ni hesabu zilizobuniwa na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon wa Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, na kuchapishwa mwaka 1960, wakati ambapo hapakuwa na chombo cha nyumbani chenye uwezo wa kuzipiga. Hesabu za aina hiyohiyo zilitumika kulinda picha ambazo chombo cha anga cha Voyager 2 kilizituma kutoka sayari ya Uranus mwaka 1986.

Kwenye CD, kila baiti 24 za muziki huongezewa baiti 8 za ulinzi. Kisha baiti hutawanywa, ili zile zinazofuatana katika wimbo zisikae jirani kwenye CD. Ni kama mwandishi aliyeyatawanya maneno ya kila sentensi katika kurasa mia za daftari: ukurasa mmoja ukimwagikiwa chai, kila sentensi hupoteza neno moja tu, na msomaji hulijaza kwa kuangalia yaliyobaki. Mfumo huu huweza kurejesha kikamilifu takriban biti 4,000 zilizopotea kwa mfululizo, sawa na milimita 2.5 za mstari. Hasara ikizidi hapo, deki hukisia. Huchukua sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti, iliyotangulia na inayofuata, ikajaza pengo kwa wastani wake. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila upande wa stirio, kwa hiyo chache za kubuni hazisikiki. Pengo likiwa kubwa zaidi ya hapo, sauti hukatika, au hutoa mlio wa kupasuka, au leza hupotea njia na wimbo ukaruka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wenye CD wengi hawalijui, nalo ndilo linalopasa kuamua nakala ichukuliwe lini. Kanda ilikuwa ikitoa taarifa. Ilianza kwa mlio wa matoazi kufifia, sauti ikawa nzito, miaka ikapita na mwenyewe akapata muda wa kutosha wa kuihamisha. CD haitoi taarifa. Huyaziba makosa yake kimyakimya, siku baada ya siku, mpaka uwezo wa kuziba umemalizika, na ndipo inaruka. Anayesikia CD ikiruka kwa mara ya kwanza hasikii mwanzo wa ugonjwa, anasikia akiba ya mwisho ikikatika. Mtu anayesema atanakili pindi CD itakapoanza kusumbua amechagua siku ambayo nakala safi huenda isipatikane tena.

Mwelekeo wa mkwaruzo una uzito kuliko urefu wake. Unaotoka tunduni kwenda ukingoni hukata kila mzunguko mara moja, kwa upana mdogo, na hesabu za Reed na Solomon hulimaliza tatizo hilo. Mkwaruzo mfupi unaofuata mzunguko ni wa hatari zaidi, kwa sababu hula biti zilizofuatana. Ndiyo maana kitambaa cha kusafishia hupelekwa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, wala hakizungushwi. Mkono kwa mazoea hutaka kuzungusha. Mazoea hayo yaachwe. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo hutosha kwa alama za vidole, na mafuta yaliyoganda hutoka kwa spiriti ya isopropili. Petroli, thina na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha visikaribie kabisa, kwani hutia polikaboneti weupe na nyufa.

Mahali pa jeraha pia hueleza mengi. Kwa kuwa mstari huanzia katikati, wimbo wa kwanza uko karibu na tundu na wa mwisho uko upande wa ukingoni, na ukingoni ndiko vidole, unyevu na kuvu huanzia. Anayetaka kujua hali ya CD iliyojaa nyimbo asianze na wimbo wa kwanza, aanze na wa mwisho. Na kabla ya kuihukumu CD, aijaribu kwenye chombo kingine, maana mara nyingi mgonjwa ni lensi ya deki iliyojaa vumbi.

Swali la dawa ya meno haliepukiki. Watu wengi wameisugua kwenye CD, na wapo waliofanikiwa, kwa sababu ina chembe laini za kusugulia zinazoweza kusawazisha kingo za mkwaruzo wa chini ili mwanga upite bila kupindishwa. Mashine za kung'arisha CD hufanya kazi hiyohiyo kwa usawa zaidi. Lakini kila msuguo huondoa plastiki na kuacha mikwaruzo mipya midogo, na mkono ukikosea, CD iliyokuwa ikiruka kwenye wimbo mmoja huanza kuruka kwenye mitano. Kwa hiyo CD isisuguliwe kabla haijanakiliwa. Ioshwe, kinachosomeka kihamishwe chote, na kama kuna wimbo uliogoma ndipo mkwaruzo wake ushughulikiwe na jaribio lirudiwe. Kuanza na kusugua ni kuzihatarisha nyimbo nzima kwa ajili ya ule mmoja mbovu.

Zipo CD zilizougua bila kosa lolote la mwenyewe. Kiwanda cha PDO, cha ubia wa Philips na Du Pont, kilichokuwa Blackburn katika jimbo la Lancashire, Uingereza, kilitengeneza kati ya takriban 1988 na 1993 CD ambazo baadaye ziligeuka rangi ya shaba, kuanzia ukingoni kwenda ndani. Ilibainika kwamba vanishi yake haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za vijitabu vya jalada. Salfa ilipenya ikaharibu utando wa metali. Kijitabu kilichochapwa maneno ya nyimbo ndicho kilichoziua nyimbo zenyewe. Kiwanda kilikubali tatizo, na kwa miaka mingi kikawabadilishia wenye CD hizo. Enzi hizo muziki mwingi wa Afrika ulikuwa ukitolewa London, zikiwemo rekodi za taarab zilizofanywa Zanzibar mwaka 1988 na kutolewa na kampuni ya GlobeStyle. Haina maana kwamba kila CD ya Uingereza ya wakati huo ilipita Blackburn. Ila mwenye CD ya miaka hiyo asome maandishi madogo yaliyozunguka tundu, na akiziona herufi PDO pamoja na jina la Uingereza, ainakili leo.

CD za kuchoma ni habari nyingine, tena ndizo zilizojaa majumbani.

Zilitangazwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988, na ndani yake hamna vishimo. Kati ya plastiki na metali kuna rangi ya kikemikali, na leza ya kuchomea huipasha joto ikaacha madoa ambayo leza ya kusomea huyachukua kuwa vishimo. Yaani CD ya kuchoma imeundwa makusudi kwa kitu kinachobadilika kikipigwa na mwanga. Jua la dashibodi ya daladala au matatu, au la dirisha la sebule, huendelea na kazi ambayo leza iliianza. Kuitambua ni rahisi: CD ya kiwandani huwa ya rangi ya fedha tupu upande wa chini, na ya kuchoma huwa na rangi ya kijani, buluu au dhahabu. Rangi zenyewe hazilingani kwa uimara. Saianini, iliyotumika kwenye zile za mwanzo, hufifia mapema kuliko ftalosianini. Waliotengeneza CD za kuhifadhia nyaraka waliichagua hii ya pili na kuifunika kwa utando wa dhahabu halisi, metali isiyoshika kutu. Zile za mirundo ya hamsini hamsini zilizojaa madukani hazikuandikwa zimewekwa rangi gani.

Juu yake huja madhara ya mtumiaji. Wino wa maka peni yenye dawa kali unaweza kupenya vanishi. Lebo ya karatasi yenye gundi hujikunja kwa unyevu, huvuta vanishi, na huifanya CD iyumbe inapozunguka. Na ikishabandikwa, kuibandua huenda kukaondoka na alumini, kwa hiyo bora ibaki ilivyo na CD inakiliwe upesi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2003 mwongozo kwa wakutubi ulioandikwa na Fred Byers, ukishauri CD zikae zimesimama ndani ya makasha yake, katika nyuzi 4 hadi 20 za sentigredi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Ushauri wa kusimamisha, wa makasha na wa kuepuka jua unatekelezeka popote. Ule wa hali ya hewa, kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hauwezekani bila kiyoyozi cha mchana na usiku. Hata katika baridi ya Julai, joto likishuka unyevu hupanda. Kwa watu wa pwani, basi, kinga ya kweli ni kuinakili CD.

Kunakili kuna namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Programu za kawaida za kusikilizia muziki huweza kuvuta CD nzima kwa dakika chache. Kwa CD isiyo na jeraha, matokeo mara nyingi ni mazuri. Kwa CD mbovu yanaweza kuwa udanganyifu, na chanzo chake kiko kwenye muundo wa CD yenyewe. Faili la kompyuta likikosa biti moja huenda lisifunguke, kwa hiyo CD ya data ilipewa ulinzi wa ziada juu ya ule wa Reed na Solomon: kati ya kila baiti 2,352, data hupewa 2,048 tu na zilizobaki hufanya kazi ya anwani na ulinzi. CD ya muziki haina ulinzi huo, kwa sababu sikio husamehe. Kisomaji cha kompyuta kikishindwa kusoma sehemu fulani ya wimbo kinaweza kukisia, kikaikabidhi kompyuta makisio hayo kana kwamba ni muziki halisi. Programu itasema kazi imekwisha salama. Mwenye CD ataitupa CD, na mlio wa kupasuka utabaki ndani ya faili daima.

Namna ya pili ni kunakili kwa kukagua, na programu za kazi hiyo zipo na hazilipiwi kwa matumizi ya nyumbani. Exact Audio Copy ya Mjerumani Andre Wiethoff hutumika kwenye Windows, cdparanoia ya Mmarekani Christopher Montgomery kwenye Linux, na XLD kwenye kompyuta za Apple. Zinakagua upya kile kilichosomwa, na pale majibu yanapotofautiana hurudia tena na tena. Wimbo mmoja wenye jeraha huweza kuchukua saa nzima, na muda huo si wa kuhurumia. Exact Audio Copy humaliza kwa ripoti inayoonyesha ni sekunde zipi zinatiliwa shaka. Ripoti hiyo ihifadhiwe pamoja na muziki.

Programu kadhaa za namna hii hutumia pia AccurateRip, hifadhi ya mtandaoni inayolinganisha nakala ya mtu na za wengine walionakili CD ileile. Alama zikifanana, nakala ni kamili. Kwa CD ya bendi mashuhuri hilo ni msaada mkubwa. Kwa kwaya ya mtaani hakuna wa kulinganisha naye. Hapo mwenye CD ajitafutie ushahidi mwenyewe: anakili mara mbili, kwa visomaji viwili tofauti, kisha alinganishe mafaili. Visomaji havifanani, kimoja hushindwa pale kingine kinapopita, na cha nje cha kuchomeka kwa USB kinatosha kwa kompyuta mpakato zisizo na chake. Na kama jirani au mwanakwaya mwenzake ana nakala ya albamu hiyohiyo, iazimwe. Ni nadra CD mbili kukwaruzika mahali pamoja, na wimbo uliokufa huku huenda uko hai kule.

CD za nyimbo mia na zaidi, zile za MP3 zilizouzwa mitaani, ni CD za data, kwa hiyo huhamishwa kwa kunakili mafaili. Faili likigoma na kazi nzima ikasimama, programu ya GNU ddrescue huruka mahali palipoharibika, huokoa panaposomeka, kisha hurudia majeraha. Inaweza hata kuchukua CD mbili mbovu zenye yaleyale na kutoa moja iliyo nzima.

Kundi moja la CD za kiwandani lina shida ya kutengenezewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya kampuni za muziki ziliweka kinga dhidi ya kunakili, na mifumo kama Cactus Data Shield ilifanya hivyo kwa kutia makosa makusudi. Makosa hayo hula akiba ileile iliyowekwa kwa ajili ya mikwaruzo, kwa hiyo CD hizo hazikuwa na uvumilivu wa kutosha tangu zikiwa mpya. Philips yenyewe ilipinga CD hizo kuwekewa nembo ya CD. Mnunuzi halali ndiye aliyeumia.

Muziki uliohamishwa uhifadhiwe kwa FLAC, muundo ulioanzishwa na Josh Coalson na kutoka mwaka 2001. Hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu bila kutupa sauti yoyote, na ndani yake hubeba alama ya ukaguzi inayomwezesha mwenyewe kujua, hata miaka kumi baadaye, kama faili limeharibika. CD moja iliyojaa mara nyingi huwa karibu megabaiti 400. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Inafaa kwa simu, na inaweza kutengenezwa kutoka FLAC wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani.

Majina nayo yaandikwe. CD nyingi za muziki hazina majina ya nyimbo ndani yake. Kompyuta huyatafuta mtandaoni, na kwa CD ya studio ndogo ya Morogoro au Kisumu haitapata kitu. Faili lenye namba tupu, bila jina la wimbo, kikundi, mtunzi, studio wala mwaka, litakuwa kitendawili kwa wajukuu. Wanaoyajua majina hayo wengi bado wako hai, waulizwe. Jalada lipigwe picha pande zote.

Kisheria, kunakili kwa matumizi ya nyumbani si sawa na kuchoma kwa ajili ya kuuza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi kwa masharti yake, na sheria ya Kenya ya 2001 iliweka msingi wa tozo kwenye vifaa vya kurekodia ili wasanii walipwe fidia ya nakala za nyumbani. Nchi nyingine zimesitasita: Uingereza iliruhusu nakala binafsi kuanzia Oktoba 2014, na Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Kuigawa nakala kwa marafiki au kuiweka mtandaoni bila idhini ya wenye kazi ni kosa kote huko. Kwaya au kikundi kinachotaka kazi zake zirudi hewani kina haki hiyo kama ndicho mmiliki, na kumpelekea kiongozi wake nakala safi ya kazi iliyompotea ni wema mkubwa.

Nakala moja haitoshi. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni inayofuatwa sasa na wengi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Diski ngumu ya nje, hifadhi ya mtandaoni, na diski ya pili kwa ndugu wa mji mwingine zinatimiza hilo. Flashi ni ya kusafirishia, si ya kutunzia. Data yake hushikwa na chaji ya umeme inayovuja polepole ikiwekwa kabatini miaka mingi.

Mwenye sanduku la CD asipange kunakili zote kwa pamoja, maana kazi ya namna hiyo huahirishwa. Atenge kwanza zile za kuchoma zenye muziki ambao hajawahi kuukuta dukani wala mtandaoni, ajaribu wimbo wa mwisho wa kila moja, na azinakili hizo kabla ya nyingine zote. Zile za kiwandani zinaweza kungoja zamu yake, isipokuwa zile za PDO ya Uingereza na zenye ukingo uliogeuka rangi ya shaba. Na CD yenyewe isitupwe baada ya kunakiliwa. Irudishwe kwenye kasha lake, kwa sababu kisomaji kingine kinaweza kusoma kesho kile kilichoshindikana leo.